Nyumba Inauzwa na Mpangaji Yumo: Mwongozo wa Faragha Wanunuzi Wanapokuja Kuangalia Nyumba, Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi aliyepanga Bariadi mjini, Maswa, Lamadi, Mwanhuzi, Nyashimo, Lagangabilili au Dutwa, ambaye siku moja anapigiwa simu na mwenye nyumba: "Kesho kuna watu watapita kuangalia nyumba, tumeamua kuiuza." Unamhusu muuguzi, mwalimu, karani wa benki, fundi wa kiwanda cha kuchambulia pamba, wakala wa fedha za simu na mama lishe. Mwenye nyumba na dalali nao wana sehemu yao humu, kwa sababu mpangaji akiheshimiwa biashara yao huenda bila mikwaruzo.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ilimegwa kutoka Shinyanga, na eneo la Busega lilitoka Mwanza. Bariadi ilipofanywa makao makuu, zilifuata ofisi za mkoa, hospitali ya rufaa ya mkoa, matawi ya benki na taasisi nyingine, na watumishi waliokuja kwa barua za uhamisho. Wengi wao hawana kiwanja wala ndugu mjini, kwa hiyo hupanga, na wengi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Nyumba nazo huingia sokoni kwa sababu zilezile za kila mahali: mwenye nyumba amehama, warithi wanataka kugawana, mkopo umekwama, ada za watoto zimebana. Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, fedha huanza kuzunguka, na miezi inayofuata huwa mizuri kwa mtu mwenye nyumba ya kuuza.

Shabaha ya mwongozo ni moja. Mwenye nyumba ana haki ya kuuza mali yake, na mpangaji ana haki ya kufunga mlango wa makazi aliyoyalipia. Haki hizi mbili hukaa pamoja vizuri endapo kabla mteja wa kwanza hajafika pameandikwa nani ataingia, siku gani, saa ngapi na ataangalia nini. Ugomvi mwingi huanza pale jambo hili linapoachwa kwenye maneno ya "tutaelewana tu".

2. Haki inatoka wapi

Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Maskani ni mahali unapoishi, hata kama hati ya nyumba ina jina la mtu mwingine. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Mwenye nyumba anasimama juu ya ibara hiyo anaposema nyumba ni yake.

Sheria ya Ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu yake inayohusu upangishaji, inaweka sharti ambalo linahesabiwa kuwa limo ndani ya mkataba hata kama halikuandikwa: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake atakaa kwa amani na utulivu kwa muda wote wa pango, bila kusumbuliwa na mwenye nyumba wala mtu anayetenda kwa niaba yake. Dalali aliyetumwa na mwenye nyumba ni mtu wa namna hiyo. Mwenye nyumba hawezi kujitoa kwa kusema, "Si mimi niliyekuja, ni dalali."

Jambo ambalo sheria haikulitaja. Sheria ya Ardhi haikupanga ratiba ya saa wala siku za kuwaonyesha wanunuzi nyumba yenye mpangaji. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005, na Tanzania Bara haijapata sheria nyingine mahususi ya wapangaji na wenye nyumba. Hivyo kinachotawala ni mkataba wenu, na mkataba ukiwa kimya, ni ridhaa ya mpangaji. Ruhusa ya mwenye nyumba kuingia kukagua bomba lililopasuka au paa linalovuja ni jambo moja. Kuleta kundi la watu ili waangalie chumba chako cha kulala ni jambo jingine, na linahitaji makubaliano yake.

Nchi nyingine zimeliandika wazi jambo hili. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya upangaji ya mwaka 2006 inataka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla ya kumleta mnunuzi, na aje kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Sheria hiyo haina nguvu Bariadi, lakini inatoa kipimo cha busara ambacho pande mbili zinaweza kukichukua na kukiandika katika makubaliano yao.

Kanuni ya Adhabu. Kuingia isivyo halali katika mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi, ni kosa la jinai. Zingatia maneno "iliyo mikononi mwa mtu mwingine". Nyumba uliyoipanga iko mikononi mwako. Hata hivyo, si kila kuingia bila taarifa ni jinai, kwa sababu nia huangaliwa. Usikimbilie polisi kwa jambo ambalo mwenyekiti wa mtaa anaweza kulimaliza kwa kikao kimoja.

Ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Dalali anayekusanya picha, namba za simu na habari za watu kwa ajili ya biashara yake anapaswa kujua kwamba taarifa za mtu hazichukuliwi wala kusambazwa ovyo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

3. Hatua za kwanza baada ya kupata habari

Usikasirike, na usikubali kila kitu siku hiyohiyo. Fanya mambo manne.

Kwanza, tafuta mkataba wako na usome vipengele vitatu: muda wa pango, notisi, na ruhusa ya mwenye nyumba kuingia. Kama hamkuandikiana, kusanya ushahidi wa malipo: risiti, ujumbe wa muamala wa simu, stakabadhi ya benki. Pango la mdomo la mwaka mmoja au chini ya hapo linatambulika kisheria, ila utahitaji kuthibitisha ulilipa kiasi gani na mpaka lini.

Pili, hakikisha anayeuza ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Katika nyumba ya urithi, mtoto mmoja anaweza kuanza kuleta wateja wakati wenzake hawajui. Katika nyumba ya ndoa, sheria inataka ridhaa ya mwenzi. Mpangaji si hakimu wa mambo ya familia, na si vyema kuyaingilia. Lakini una haki ya kusema kwa adabu: "Mzee, mimi nilipangishwa na wewe. Naomba taarifa itoke kwako, kisha unijulishe dalali ni nani." Asiyetambulishwa na mtu aliyekupangisha asifunguliwe mlango.

Tatu, piga picha za hali ya nyumba: kuta, sakafu, vitasa, madirisha, choo, mita ya umeme. Watu wengi wakipita ndani, kioo huvunjika na kitasa hulegea. Picha zenye tarehe zitakuepusha na lawama siku ya kukabidhi funguo.

Nne, omba kikao kifupi na mwenye nyumba, ana kwa ana au kwa simu, na baada yake mwandikie yale mliyokubaliana. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia.

4. Mambo ya kukubaliana

Haya ndiyo yanayopaswa kuwamo katika makubaliano. Yanatoshea ukurasa mmoja.

Taarifa. Saa 24 kabla, kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja jina la dalali na idadi ya watu. Simu ya "tuko hapa nje" si taarifa.

Siku na saa. Chagueni vipindi viwili au vitatu vya wiki, kwa mfano Jumatano saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa nne hadi saa sita mchana. Mpangaji ndiye anayejua zamu zake. Muuguzi anayefanya kazi usiku hulala mchana, kwa hiyo saa tano asubuhi, ambayo kwa dalali ni saa nzuri, kwake ni usiku wa manane. Mwalimu yuko darasani mpaka alasiri. Mama lishe hurudi giza limeingia. Andikeni pia siku ambazo hapaingiwi kabisa: siku ya ibada, siku ya msiba, siku mtoto au mzazi anapokuwa mgonjwa.

Idadi. Watu wasiozidi wanne kwa mara moja pamoja na dalali. Kwetu mnunuzi huja na mke wake, shemeji, fundi na jirani wa kushauri. Waliozidi wasubiri uani na kuingia kwa zamu.

Muda. Dakika 30 zinatosha kwa mnunuzi wa kawaida. Mthamini aliyetumwa na benki au fundi anayepima huhitaji muda zaidi, kwa hiyo aombewe siku yake.

Msindikizaji. Mwenye nyumba au dalali lazima awepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mteja asiagizwe kuja peke yake kwa maneno ya "nenda tu, mpangaji atakuonyesha". Kuuza nyumba si kazi yako na hulipwi kwa hilo.

Uwepo wako. Nyumba isionyeshwe mpangaji akiwa hayupo, ila kwa ridhaa yake ya maandishi ya siku hiyo. Kama kazi inakubana, mteue mtu mmoja unayemwamini awepo kwa niaba yako, na mwenye nyumba amjue.

Funguo. Wenye nyumba wengi hubaki na funguo ya akiba. Andikeni kwamba haitatumika isipokuwa kwa dharura ya kweli kama moto, maji yanayofurika au hatari kwa maisha. Mnunuzi mwenye haraka si dharura.

Fidia ya usumbufu. Mauzo yakichukua miezi, na kila wiki unapokea wageni, ni halali kuomba punguzo dogo la kodi au kuongezewa muda. Sheria haikuweka kiwango. Ni mapatano, na mwenye nyumba mwenye busara anajua kwamba nyumba iliyopangwa vizuri na mpangaji mkarimu huuzika haraka.

5. Mfano wa barua

Mpangaji anaweza kuandika hivi, akibadilisha panapohitajika:

"Ndugu ……, Salaam. Nimepokea taarifa yako ya tarehe …… kwamba nyumba ninayoishi, iliyopo Mtaa wa ……, Kata ya ……, inauzwa. Kodi yangu imelipwa hadi tarehe ……. Sina pingamizi wanunuzi kuiangalia, ila naomba tuzingatie yafuatayo: (1) nipate taarifa ya maandishi saa 24 kabla, (2) waje siku za …… kati ya saa …… na saa ……, (3) wasizidi watu wanne, wakiongozwa na wewe au dalali uliyenitambulisha, (4) wasipige picha wala video ndani bila ridhaa yangu, (5) nyumba isifunguliwe nikiwa sipo. Iwapo kuna jambo ungependa lirekebishwe, nijulishe kabla ya tarehe …… ili tukubaliane. Wako, ……, mpangaji."

Toa nakala mbili. Mwenye nyumba asaini ya kwako. Akikataa kusaini, mpe nakala mbele ya shahidi, au umtumie kwa simu na uhifadhi ujumbe. Nakala nyingine inaweza kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa taarifa tu, bila kulalamika. Siku ya mgogoro ataikumbuka.

6. Kuandaa nyumba kabla ya wageni

Anayekuja kuangalia nyumba hutazama pia vilivyomo, hata asipokusudia. Wengi ni wanunuzi wa kweli. Wachache huja kuhesabu televisheni na kupima urefu wa ukuta. Kwa hiyo, kabla ya saa ya miadi:

Ondoa nyaraka mezani: kitambulisho cha taifa, kadi za benki, kadi ya bima ya afya, vyeti, barua za kazi, hati za mshahara. Viweke kwenye sanduku au kabati linalofungwa.

Ficha dawa. Pakiti ya dawa husema habari za mwili wa mtu. Hali ya afya ya mtu ni siri yake, na sheria ya mwaka 2008 kuhusu kinga na udhibiti wa UKIMWI inalinda usiri wa mtu anayeishi na virusi. Usimwachie mgeni nafasi ya kubahatisha.

Linda kazi ya mwajiri wako. Mwalimu anayesahihishia mitihani nyumbani, karani mwenye daftari la wateja, mtumishi mwenye kompyuta ya ofisi: vyote hivi viondoke machoni. Mtihani ukivuja kwa sababu mgeni aliuona mezani, atakayeulizwa ni wewe.

Wakala wa fedha za simu asihesabu fedha wala kuziacha nyumbani siku ya miadi. Simu za uwakala ziwe mfukoni au dukani.

Anua nguo za ndani kambani. Kwa wanaoishi nyumba zenye ua wa pamoja, hili huwa la mwisho kukumbukwa na la kwanza kuonwa.

Watoto wawe na mtu mzima. Wasiachwe kufungulia wageni mlango wala kuulizwa maswali na wageni.

7. Wakati wageni wamo ndani

Katika jamii ya Wasukuma, na kwa Watanzania wengi, mgeni aliyepiga hodi haachwi amesimama juani. Madalali wanaijua desturi hii, na wapo wanaoitumia: wakishasalimiana na kukaribishwa, miguu yao huwa tayari ukumbini. Unaweza kuishika heshima bila kuupoteza utaratibu. Wasalimie, wape viti barazani au kivulini uani, wape maji ya kunywa, kisha useme, "Karibuni. Miadi yetu ilikuwa Jumatano. Leo tutakaa hapa nje. Ndani tutaingia siku hiyo." Umewapokea, na mlango umebaki umefungwa.

Siku ya miadi, uliza jina la kila anayeingia na umtambue dalali. Anza na sebule, jiko, choo, kisima au bomba, kisha vyumba. Fungua milango wewe mwenyewe. Mnunuzi ana haja ya kuona ukubwa wa chumba, dari, nyufa, dirisha, soketi na mita. Hana haja ya kufungua kabati lako, kuinua godoro wala kuchungulia ndoo. Kama kabati limejengwa ukutani na ni sehemu ya nyumba, lifungue wewe baada ya kutoa vitu vyako.

Utaulizwa maswali. Unalipa kodi kiasi gani? Unafanya kazi wapi? Una mume? Utahama lini? Maswali ya nyumba yajibu kwa ukweli: maji hukatika au hayakatiki, paa huvuja au halivuji. Usiisifu nyumba kwa uongo na usiiponde ili isinunuliwe, kwa kuwa yote mawili yanaweza kukurudia. Maswali ya maisha yako yana jibu moja la adabu: "Hayo muulize mwenye nyumba," au "Hilo ni langu binafsi."

Mwanamke anayeishi peke yake awe na mwenzake siku ya miadi. Mgeni au dalali akitoa maneno ya kumdhalilisha, akimgusa, au akirudi usiku kwa kisingizio cha kuangalia nyumba, suala limetoka kwenye upangaji na kuwa usalama wa mtu. Liende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

8. Picha na video

Siku hizi nyumba huuzwa kwenye simu kabla haijauzwa mlangoni. Dalali hupiga video akipita chumba kwa chumba, na kabla hajafika barabarani imeshawekwa kwenye makundi ya mtandao. Watu mia kadhaa wameona kitanda chako, picha ya harusi ukutani, sare ya shule ya mtoto yenye jina la shule na kitasa cha mlango wa nyuma.

Kanuni ni hii: nje ya nyumba ipigwe picha kwa utaratibu wa mwenye nyumba, ndani ipigwe kwa ridhaa ya mpangaji. Ridhaa yako iwe na masharti. Picha zipigwe siku moja, zitumike zilezile mpaka nyumba iuzwe. Watu wasionekane, hasa watoto. Picha za familia, nyaraka, namba ya gari na namba ya mita zisionekane. Uonyeshwe picha kabla hazijatumwa. Nyumba ikishauzwa, zifutwe.

Njia rahisi kwa pande zote ni mwenye nyumba kutumia picha alizopiga nyumba ilipokuwa tupu. Zinaonyesha ukubwa wa vyumba vizuri zaidi, na hazimwoneshi mtu. Kama hana, mpangaji anaweza kupiga mwenyewe na kumpa, akichagua pembe zisizo na vitu vyake.

Picha zako zikisambazwa bila ridhaa, hifadhi ushahidi kwanza: piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, akaunti na maneno yaliyoandikwa. Kisha mwandikie aliyeziweka azitoe, ukimpa muda mfupi. Akikaidi, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

9. Nyumba ya wapangaji wengi

Nyumba nyingi za Bariadi zina vyumba vinavyozunguka ua mmoja, choo cha pamoja na bomba moja. Humo ridhaa ya mpangaji mmoja haiwafungi wengine. Mpangaji wa chumba cha kwanza hawezi kumfungulia dalali chumba cha tatu, na mpangaji aliyekataa leo asisemwe na wenzake kuwa anaharibu biashara ya mzee. Chagueni mmoja wenu awe msemaji, mpatane siku moja ya wiki kwa nyumba nzima, na kila mmoja awe mlangoni kwake. Ua, choo na korido vinaweza kuonyeshwa kwa taarifa moja ya pamoja. Vyumba vya biashara vya mbele vionyeshwe saa ambazo wateja wa duka ni wachache.

10. Kwa mwenye nyumba na dalali

Mwambie mpangaji kabla hujamwambia dalali. Anayesikia sokoni kuwa nyumba yake inauzwa huanza kwa kukushuku, na mlango wake hufunguka kwa shida.

Chuja wateja. Mtu ambaye hajauliza bei, hajajua eneo wala hana fedha hana sababu ya kuingia chumbani kwa mtu. Mwonyeshe kwanza kiwanja, mipaka na karatasi za umiliki nje ya nyumba. Anayebaki na nia baada ya hapo ndiye wa kuombewa miadi. Wateja watatu wa kweli wana faida kuliko watazamaji ishirini.

Usimtishe mpangaji kwa notisi ya ghafla kwa sababu alidai taarifa ya saa 24. Usimfungie mlango kwa kufuli, usimkatie umeme, usitoe vyombo vyake nje. Muda wake uliolipiwa haujaisha, na kesi utakayoianzisha itachelewesha mauzo yako kuliko miadi mia.

Mweleze mnunuzi ukweli: kuna mpangaji, kodi yake inaisha tarehe fulani. Mnunuzi aliyefichwa jambo hilo atakugeukia wewe.

11. Utaratibu ukivunjwa

Andika kila tukio: tarehe, saa, nani aliingia, nani alishuhudia. Kisha panda ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa maandishi. Ya pili ni mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji na kijiji kwa walio nje ya mji. Hapa ndipo migogoro mingi humalizika, maana mwenyekiti anazijua pande zote mbili, na huenda ndiye atakayeombwa kushuhudia mauzo.

Ya tatu ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi; kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa uthibitisho kuwa limeshindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele. Ya nne ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linalohudumia eneo lako. Huko ndiko amri ya kumzuia mtu asiingie au asikuondoe inakoombwa.

Kwa wizi, vitisho, kuvunja mlango au udhalilishaji, usipande ngazi hizi. Nenda polisi moja kwa moja.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikipeleka huduma hiyo mikoani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

12. Nyumba ikishapata mnunuzi

Kuuzwa kwa nyumba hakufuti siku ulizolipia. Kwa kawaida mnunuzi huichukua nyumba pamoja na mpangaji aliyemo, naye huwa mwenye nyumba mpya mpaka muda uishe au notisi halali itimie. Kama pango lenu halikutaja muda na unalipa kwa kipindi, notisi haipaswi kupungua kipindi hicho: anayelipa kwa mwezi apewe angalau mwezi.

Omba barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani inayomtambulisha mpya na kueleza kodi yako imelipwa hadi lini. Usimlipe mtu mpya kabla ya kuipata. Kama uliacha amana, ulizeni wote watatu kwa pamoja nani atairudisha. Tangu siku hiyo, mnunuzi naye anafungwa na utaratibu uleule: akitaka kuleta fundi kupima ukuta, atoe taarifa.

Hali ni tofauti iwapo benki ndiyo inayouza kwa sababu ya mkopo. Sheria ya minada inataka tangazo la siku zisizopungua 14 kabla ya mnada, lakini mikataba mingi ya mikopo humtaka mkopaji aombe ridhaa ya benki kabla ya kupangisha. Ridhaa hiyo ikikosekana, nafasi ya mpangaji hudhoofika. Ukiona tangazo la mnada ukutani, tafuta ushauri wa sheria wiki hiyohiyo.

13. Kipengele cha kuweka katika mkataba ujao

Siku ya kupanga nyumba nyingine, kabla hujalipa ile miezi sita, omba mkataba uongezwe maneno haya:

"Iwapo mwenye nyumba atataka kuiuza nyumba katika muda wa pango, atamjulisha mpangaji kwa maandishi. Wanunuzi wataingia kwa taarifa ya saa 24, katika siku na saa zilizokubaliwa, wakiongozwa na mwenye nyumba au mwakilishi wake aliyetambulishwa, na mpangaji au mtu aliyemteua akiwepo. Picha za ndani hazitapigwa bila ridhaa ya mpangaji. Mauzo hayataathiri muda wa pango uliokwisha kulipiwa."

Mwenye nyumba atakayeuliza kwa nini unataka maneno hayo, mwambie yanamlinda na yeye pia: siku akiamua kuuza, njia ya kumwingiza mnunuzi ndani itakuwa imeshaandikwa na kusainiwa.